Wake Wenza wa Mbao

Mwanarusi alitaka kabati. Hakutaka bangili za dhahabu, hakutaka kwenda kutembea Mombasa, hakutaka hata kubadilishiwa mume, ingawa huyo aliyekuwa naye alikuwa na vituko vya kujaza gunia. Alitaka kabati la mvule lenye kioo mlangoni, lile lililosimama katika nyumba ya Mzungu mmoja huko Diani ambako mumewe, Iddi, alikuwa mpishi. Aliliona mara moja tu, siku alipompelekea Iddi dawa ya jino. Tangu siku hiyo, kila alipozitazama nguo zake zilivyoning'inia kwenye kamba juu ya kitanda, roho ilimuuma.

Mzungu mwenyewe watu walimwita Bwana Taratibu, kwa sababu neno hilo halikumkauka kinywani. Kata vitunguu taratibu, funga mlango taratibu, pita hapa taratibu. Mwaka ule nchi ilipokuwa ikijiweka tayari kupokea Uhuru, Bwana Taratibu aliona ni heri arejee kwao, akaanza kufunga mizigo, nayo pia taratibu. Akawaita watumishi wake wawili, Iddi mpishi na Chome wa bustani, akawaambia kila mmoja achague kitu kimoja cha nyumbani akichukue kabisa.

Mwanarusi alimfunza mumewe siku nyingi kabla. Sema kabati. Iddi akasema kabati. Ukiulizwa mara ya pili? Kabati. Jioni ambayo lori lilisimama mbele ya nyumba yao pale Gazi, Mwanarusi alikuwa amekwisha kufagia kona ya chumba cha kulala na kutandika mkeka mpya wa kulisimamishia. Wapagazi wakashusha kitu kirefu, kipana, cha mbao nyekundu inayong'aa, naye akapiga kigelegele kilichosikika hadi mikokoni. Kisha wakashusha cha pili kama hicho. Kigelegele kikakatika katikati.

"Makabati mawili?" akauliza.

"Si makabati, Mama Rehema," alisema Iddi, akikwepa macho yake. "Ni spika."

Rehema alikuwa binti yao wa pekee, aliyeolewa Vanga, na jambo moja jema ni kwamba hakuwepo kusikia mama yake aliyoyasema baada ya hapo. Kabati alilichagua Chome. Mkewe Chome, Jumwa, akawa kila akikutana na mtu kisimani humsimulia jinsi anavyojiona mwili mzima, kuanzia kilemba hadi vidole vya miguu.

"Kwa nini, Baba Rehema?" Mwanarusi alimwuliza mumewe alipopoa. "Nieleze tu, nielewe."

Iddi alimweleza. Miaka yote ile, jioni Bwana Taratibu alipopiga santuri zake, yeye alisimama jikoni na mwiko mkononi akasahau sufuria. Mchuzi umeungua mara nyingi, wala Mzungu hakugomba. Santuri moja ilikuwa na mtu anayeimba, na spika zile zilikuwa nzuri kiasi kwamba kabla ya kuimba ulimsikia akivuta pumzi. "Pumzi, Mama Rehema! Kana kwamba amesimama nyuma ya mlango!"

"Mtu huyo ni mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke. Wa Ulaya. Simjui."

"Humjui, lakini pumzi zake unazijua," alisema Mwanarusi, akaenda kuukunja mkeka wake.

Haya, spika zikaingia sebuleni, na kilichofuata ni kimya. Gazi hakukuwa na umeme, na ile mashine yenye taa za kioo iliyozipa spika sauti ilikuwa imekwenda na mwenyewe Ulaya. Iddi hakujali. Alikuwa mtu wa kufuata maelezo, na maelezo ya Bwana Taratibu aliyashika kama alivyoshika mapishi. Spika hazitaki jua. Hazitaki maji. Hazitaki kuegemezwa ukutani, bali zisimame mbali nao, na anayesikiliza akae mbele yake katikati, ili wawe kama mafiga matatu. Basi sebule ikawa na spika mbili na kiti kimoja. Kila mgeni aliyefika alikalishwa katika kiti hicho, akaambiwa asitikisike, akazitazama spika, nazo zikamtazama.

Na kwa kuwa zilisimama mbali na ukuta, watu wa nyumba walipita nyuma yake kimbavumbavu. Mama yake Mwanarusi, Bi Chiku wa Msambweni, mwanamke aliyejaaliwa mwili, alikuja kumjulia hali binti yake akanasa baina ya ukuta na spika ya kulia, akawa hendi mbele wala harudi nyuma. Iddi alisimama pembeni akisihi, "Taratibu, mama, taratibu!" Alikuwa akimwonea huruma mkwewe au mbao zile, hakuna aliyejua, na Bi Chiku aliondoka siku ile ile bila kungoja chakula.

Hayo Mwanarusi angeyavumilia. Kilichomshinda ni matunzo. Iddi alisimamisha miguu ya spika katika mikebe ya maziwa iliyotiwa mafuta ya taa, mchwa wasipande. Alizifukiza ubani, wadudu wasile karatasi za ndani. Masika yalipoingia na hewa ikawa nzito, alizikokea jiko la makaa zisipate unyevu, na huku jikoni mkewe alipuliza kuni mbichi mpaka macho yakawa mekundu. Alizifunika leso mpya, kila moja kipande chake, ili chumvi ya bahari isizile. Na kila Ijumaa akitoka msikitini alichukua chupa ya mafuta ya nazi akazipaka mwili mzima, polepole, akiimba chini kwa chini.

Ijumaa moja Mwanarusi alisimama mlangoni akamtazama mumewe akiikanda ile ya kushoto ubavuni, akavaa buibui lake, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Suleiman, aliyefundisha chuo cha Kurani na kuamua magomvi ya nyumba za Gazi.

"Mwalimu, nimeletewa uke wenza."

Mwalimu Suleiman alishtuka, maana hakuna ndoa iliyofungwa Gazi bila yeye kula pilau yake. "Iddi ameoa? Lini?"

"Wako wawili. Wamo sebuleni, wamepakwa mafuta, wananukia ubani. Mimi nanuka moshi."

Mwalimu akatia viatu. Alipofika, Iddi alimkaribisha kwa heshima zote, akamkalisha kwenye kiti. Mwalimu akakaa, akazitazama spika muda mrefu.

"Sisikii kitu," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mwalimu. Hazina umeme."

"Sasa hapa nimekalia nini?"

"Hapo ndipo mahali pazuri pa kusikilizia."

Mwalimu Suleiman alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Kisha akaamua. "Sanduku si mke. Hilo halina mjadala, wala nisisikie mtu akisema kwamba nimesema ni mke. Lakini mume anayekanda mbao mafuta mkewe akitazama, huyo haki imempita kando. Basi nisikilizeni. Kila utakachozifanyia hizi, Iddi, umfanyie na mkeo. Na asichokipata mkeo, hizi nazo zisikipate."

Iddi alirudia maneno yale kwa sauti, kama anavyorudia kipimo cha chumvi, na kuanzia siku ile akayafuata bila kupunguza herufi. Spika zikikokewa makaa, na jikoni yakaja makaa. Zikifukizwa ubani, alimfukiza na mkewe, mpaka akapiga chafya. Ijumaa iliyofuata alipaka mafuta ya kushoto, akapaka ya kulia, kisha akaja kwa Mwanarusi amekinga kiganja kilichojaa mafuta, akasimama asijue aanzie wapi.

"Nywele," alisema Mwanarusi. "Mimi sina vanishi."

Akakaa chini, akavua ushungi. Iddi alizigawanya nywele zake kwa vidole vya mpishi, vidole vilivyozoea kuchambua mchele, akapaka mstari kwa mstari hadi kisogoni. Mwanarusi alisema neno moja tu, asimmwagie shingoni. Lakini alifurahi. Alifurahi mpaka akaona haya, mtu mzima kama yeye mwenye binti aliyeolewa, kuanza kuingoja Ijumaa tangu Jumanne. Lililomkera ni moja, kwamba kila Ijumaa yeye alikuwa wa tatu.

Na leso, jamani. Iddi alishikilia kwamba leso iliyoshiba chumvi haifai tena kufunika spika, hata ikifuliwa, kwa kuwa sabuni hula rangi. Kila mwezi spika zilipata doti mpya, na kila mwezi Mwanarusi naye alipata doti mpya. Tena zile zilizovuliwa na spika nani atazivaa kama si yeye? Leso zikajaa kwenye kamba, kamba ikakatika. Zikajaa kitandani, Iddi akaanguka upande wa pili. Mwanamke alikuwa na leso za kuvika harusi nzima na hakuwa na kabati la kuzitia.

Asubuhi moja, Iddi akiwa shambani, kazi iliyombakia tangu Mzungu aondoke, Mwanarusi alikuwa akipita kimbavumbavu nyuma ya spika ya kushoto ndipo alipoziona skrubu kwenye bao la nyuma. Alileta kisu cha samaki. Alizungusha, akazungusha, bao likatoka. Ndani kulikuwa na kinywa cha bati, sahani ya karatasi nene, nyaya mbili tatu, na baada ya hapo nafasi tupu, pana, kavu, inayonukia mbao za ugenini.

"Subhanallah," alisema Mwanarusi. "Kumbe ni kabati!"

Alizikunja leso zake moja moja, akazipanga humo ndani hadi sanduku likajaa, akarudisha bao na skrubu. Kisha akakaa katika kile kiti cha katikati, akacheka peke yake mpaka mbavu zikamuuma.

Muda si mrefu akapita Gazi fundi wa redio, Nzai wa Kombani, akiendesha baiskeli iliyojaa vyuma. Iddi akamkalisha kwenye kiti kama kawaida. Nzai yeye hakukaa. Alipiga magoti, akachungulia, akagonga kwa kidole.

"Bwana Iddi, nani alikuambia hizi zataka umeme mwingi? Hizi ni za kale, zilitengenezwa wakati mashine zote zilikuwa dhaifu. Wazipa kidogo, zatoa kingi."

Akatoa kiredio chake cha betri, kisichozidi mkate kwa ukubwa, akaunga nyaya. Mtangazaji wa Nairobi alikuwa ndiyo kwanza ajitayarishe kusoma habari. Akakohoa. Kuku wa jirani wakapanda paa, mbuzi wakakata kamba, na wavuvi waliokuwa wakishona nyavu ng'ambo ile wakasimama wakatazamana. Iddi alitumbukia kitini akaanza kulia machozi, bila haya, na Mwanarusi akimwona hivyo akasahau kwa kitambo kwamba alikuwa na ugomvi na masanduku yale.

Ila spika hazikuwa sawa. Ya kulia ilinguruma kama mtu aliyetumbukia kisimani na kukasirika. Ya kushoto ilitoa sauti tulivu, laini, kila neno likisikika na mwisho wake.

"Hii mafuta yameikolea," alisema Nzai.

Mwanarusi alijua si mafuta. Siku aliyotoa nusu ya leso zake achague ya kuvaa mazikoni, ya kushoto nayo ilianza kunguruma, alipozirudisha, ikatulia. Hakumwambia mtu. Iddi alikinunua kiredio kile, na kila jioni watu walipojaa sebuleni kusikiliza habari za Uhuru unaokuja, wakaisifu spika ya kushoto, yeye nyuma ya pazia alimimina kahawa akitabasamu. Zilikuwa ni leso zake zinazosifiwa. Wazee wakakata shauri kwamba siku yenyewe ya Uhuru spika zitolewe uani, Gazi nzima isikie sherehe za Nairobi, na Iddi akawa anatembea kijijini kifua mbele kama bwana harusi.

Jioni moja, nyumba imejaa, Iddi aliinuka akaipiga kofi la upole ile ya kushoto, akasema, "Nawaambieni, tangu nyumba hii isimamishwe haijapata kusikia sauti laini kama hii."

Watu wakacheka. Mwanarusi hakucheka. Katika ujana wake aliimba harusini, kuanzia Gazi mpaka Msambweni, na Iddi alikuwa akienda katika harusi za watu wasiomjua, bila mwaliko, asimame nje ya ua wa makuti amsikilize. Sauti hiyo ndiyo iliyomleta kuposa. Sasa amesimama mbele ya wanaume wa Gazi anasema nyumba yake haijasikia sauti. Mwanarusi alikuwa amezoea kumkasirikia mumewe, kukasirika kulikuwa kama kazi ya nyumbani. Hili lilimuuma. Aliiweka birika chini, akaenda kulala bila kuaga mtu.

Kesho yake Iddi alipokwenda shambani, Mwanarusi alileta kisu cha samaki. Alizitoa leso zote, akazifunga marobota mawili makubwa, akapanda lori la nazi lililokuwa likielekea Msambweni.

"Umeachwa?" aliuliza Bi Chiku alipoyaona marobota.

"Sikuachwa. Nimesusa."

"Kwa ajili ya mwanamke?"

"Kwa ajili ya sanduku."

Bi Chiku alijishika ubavu, akakumbuka. "Lile lililoninasa? Basi kaa, mwanangu. Kaa mpaka uzeeke."

Habari za Gazi zilikuja na kila mchuuzi wa samaki. Spika zote mbili zinanguruma. Fundi Nzai ameitwa, amebadilisha nyaya, amebadilisha betri, amezigeuza kulia kushoto, zinanguruma tu. Watu wameanza kusema zimeingiwa na shetani, na anayezisogelea anasoma dua kwanza. Mara ya kwanza Mwanarusi alicheka. Mara ya pili alimwuliza mchuuzi, "Na mwenyewe Iddi yuko vipi?" Mchuuzi akasema amekonda. Ijumaa ikaja, ikapita, na nywele zake zikabaki kavu.

Alimtaka mumewe aje. Desturi ni hiyo, mke akisusa hufuatwa. Lakini alitaka amfuate yeye, si sauti ya sanduku lake. Iddi akija mlangoni akasema spika zimeharibika, rudi uzitazame, basi angejua thamani yake ni ipi, na angekaa kwa mama yake kama alivyoambiwa mpaka azeeke. Aliapa hivyo. Na kila baiskeli ilipolia kengele barabarani, alichungulia.

Siku ya Uhuru ilikuwa Alhamisi. Msambweni ilipambwa makuti na bendera, ngoma zilianza tangu asubuhi, na Bi Chiku alivaa leso mpya akajipaka wanja. Mwanarusi alikaa barazani amenuna. Alikuwa akimwona Iddi moyoni, huko Gazi, uani kumejaa watu, siku aliyoisimulia mwaka mzima imefika. Leo ndiyo leo hatakuja, alijiambia. Jua lilikuwa limepinda kidogo aliposikia kengele ya baiskeli.

Iddi alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi, vumbi mpaka kofiani.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mkwewe.

"Marahaba. Umekuja peke yako? Sanduku hukuja nalo?"

"Sikuja nalo, mama."

Mwanarusi hakuinuka. "Leo si siku yako, Baba Rehema? Watu hawako uani kwako?"

"Wamejaa."

"Na spika?"

"Zanguruma. Mzee mmoja amesema akitaka ngurumo atangoja mvua."

"Na wewe ukaziacha mbele ya watu?"

"Nikaziacha."

"Umefuata nini huku?"

Iddi alitia mkono mfukoni mwa kanzu, akapapasa, akatoa chupa ndogo iliyozibwa kwa karatasi. Karatasi haikuziba vizuri. Ubavu mzima wa kanzu ya Idi ulikuwa umelowa mafuta ya nazi.

"Kesho Ijumaa," alisema.

Bi Chiku aligeukia ukutani ghafla, akawa anatazama ukuta kama hajawahi kuuona.

"Ijumaa iliyopita hukuja," alisema Mwanarusi.

"Nilikuja. Nilifika dukani hapo juu, nikaona haya, nikarudi."

"Na wake wenza wangu? Wao Ijumaa iliyopita uliwapaka?"

Iddi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nitawapakaje, Mama Rehema? Mwalimu alisema asichokipata mkeo, nazo zisikipate. Sijazigusa tangu uondoke. Ubani hazijapata, leso nimezivua. Mbao zimekauka. Ya kushoto imeanza kufanya ufa."

Mwanarusi alilia. Alilia na kucheka pamoja, kilemba kikamtoka, akamwona mumewe amesimama na chupa yake mkononi asijue aiweke wapi, akampenda kama siku zile za nje ya makuti. Ziliachwa zikapasuka, zile zilizokandwa kuliko mtoto mchanga, kwa sababu yeye hayupo kupakwa.

"Baba Rehema," alisema alipopata sauti, "spika zako haziumwi. Ile sauti uliyoisifu ni leso zangu. Nilizitia ndani. Nilifanya kabati."

"Ndani ya spika? Uliingiaje?"

"Kwa kisu cha samaki."

Iddi alitafuta mahali pa kukaa. Kile kisu kilimwingia kwanza, ilionekana, na kikachukua muda kutoka. Kisha akainua uso taratibu. "Kwa hivyo siku ile niliyosema nyumba haijapata kusikia sauti... niliyemsifu ni wewe?"

"Mimi na leso zangu. Na ukirudia kusema nyumba ile haikuwa na sauti kabla, nitakuimbia mpaka ukimbie wewe."

"Niimbie," alisema Iddi.

"Baadaye! Inuka! Hotuba hazijaisha!"

Robota moja walilifunga mbele ya baiskeli, la pili Mwanarusi alijitwika, akapanda nyuma ubavuubavu. Bi Chiku aliwasukuma mpaka barabarani. Njia nzima watu walidhani ni sehemu ya sherehe, wakawapigia makofi na vigelegele, na mahali pa mchanga Iddi alishuka akasukuma mke, leso na baiskeli, akihema, akisema, "Taratibu, taratibu," wala hakuwepo wa kwenda taratibu.

Walikuta ua umejaa hadi barabarani. Spika zimesimama juani, jambo ambalo Iddi alilipitia amefumba macho, zikinguruma kama kinu cha nafaka, na mbele yake katika kiti pekee amekaa Mwalimu Suleiman, vidole viwili masikioni, kwa heshima. Mwanarusi hakumwamkia mtu. Alizunguka nyuma ya ile ya kushoto, akaitisha kisu, akaletewa vitatu. Bao likatoka. Gazi nzima ikamwona akitia leso, moja baada ya nyingine, nyekundu, nyeusi, za manjano, na kila leso iliyoingia ngurumo ikapungua. Aliposukuma ya mwisho kwa goti na kurudisha bao, spika ikatulia. Bendi ya Nairobi ikasikika hadi matoazi, umati ukasikika ukishangilia, kisha ukanyamaza, na mtu aliyekuwa karibu kusema akavuta pumzi.

"Umesikia?" alinong'ona Iddi.

"Nimesikia," alisema Mwanarusi, na kweli alisikia, kana kwamba amesimama nyuma ya mlango.

Jumwa, mkewe Chome, alikuwa amekuja kutazama. Alilisogelea sanduku, akalizunguka. "Ndilo kabati hili? Mbona halina kioo?"

"Halina," alisema Mwanarusi. "Lako laongea?"

Walicheka watu mpaka Mwalimu Suleiman akatoa vidole masikioni aelezwe. Ndipo ile ya kulia, ambayo haikuwa na kitu tumboni, ikanguruma peke yake kwa nguvu. Mwanarusi aliigonga mgongoni kama agongavyo nazi, akasikiliza.

"Hili nalo lina njaa," alisema.

Watu wote wakamgeukia Iddi. Iddi akamgeukia Mwalimu.

"Haki ni haki," alisema Mwalimu Suleiman. "Anza kununua."

Siku ya pili yake, Ijumaa, Iddi alirudi kutoka msikitini, akachukua chupa ya mafuta, yale yaliyobaki. Mwanarusi alikuwa amekaa katika kiti cha katikati, mahali pazuri pa kusikilizia, redio ikiimba. Aliyafumba macho akangoja zamu yake, kama alivyozoea. Akazisikia nyayo zikiifikia spika ya kushoto, ile yenye ufa. Zikaipita. Zikaifikia ya kulia, zikaipita nayo. Kisha akahisi ushungi ukivuliwa polepole, na vidole vya mpishi vikitafuta mahali pa kuanzia.